Sahani ya Mama Nkulu

Samaki wa Colette walianza kulia Jumatano asubuhi, na samaki aliyekwisha kufa akilia, ujue kuna mutu atakayelia naye.

Colette aliinua kifuniko cha sanduku la mbao akitumaini kukuta makayabo, samaki wa chumvi, wagumu kama viatu vya polisi. Akakuta supu. Makobo wakubwa aliowapasua mgongo na kuwafungua kama vitabu walikuwa wanaelea ndani ya maji mazito, yenye kuteleza kama mafuta. Siku nne nzima! Kwa siku nne chumvi ya kweli inanyonya maji ya samaki, inamuacha mukavu, unamuanika siku mbili, unamufunga, anavuka ziwa. Hii ilikuwa imenyonya maji ya samaki, ikanyonya na ya hewa, kisha ikajinyonya yenyewe. Hakukubaki hata punje moja ya kuulizwa.

Tarehe ilikuwa ishirini na saba, mwezi wa kumi na moja. Siku tatu zikiisha, ziwa Mweru linafungwa upande wa Zambia ili samaki wazae kwa amani, na mutu akikutwa njiani na furushi la samaki, hata akisema ni wa matanga, hakuna wa kumusikia. Bwato ya Ghislain ilibakia na safari moja tu ya kuvuka kwenda Kilwa, Kongo: Jumamosi. Colette na bwana yake Ilunga walikuwa watu wa Kongo. Walipanga nyumba Kashikishi, hapa Nchelenge, wao na mutoto wao Jeanine wa miaka minne, na mama ya Ilunga, Mama Nkulu, ambaye hakuna aliyemupangisha lakini ndiye aliyekaa kama mwenye nyumba. Chakula chao cha miezi mitatu ya kufungwa kilikuwa ndani ya lile sanduku.

Mama Nkulu alifika mbele harufu haijafika. Alitia kidole, akakisugua, akakinusa.

"Chumvi imelia."

"Ni hewa, mama. Mvua iko karibu."

"Mvua iko karibu na nyumba yako tu? Kwa batu wengine chumvi inakauka, kwako inalia. Inamulilia nani?"

Mama ya Mama Nkulu alikuwa mupika chumvi wa zamani, wa kuchoma majani ya bwawa na kuchuja majivu. Kutoka kwake Mama Nkulu alirisi masharti mawili. La kwanza: mwanamuke anayechunga chumvi awe baridi, maana yake asikaribie mwanaume mpaka chumvi ikauke. Akiwa moto, chumvi inalia. La pili: mutu asilambe chumvi mbele samaki hajaila. Colette alifuata yote mawili kama mutoto wa katekisimu, na lile la pili ndilo lilimuponza. Siku Ilunga alipoleta mufuko wa chumvi, kama Colette angelamba mara moja tu, angetema, angepiga kelele, na makobo wangekauka kwa chumvi nyingine. Aliona kweli kwamba chumvi ile ilikuwa bapa, kama magamba. Ilunga akamuambia, "Ni ya kisasa." Na samaki walikuwa wameanza kunuka. Akanyamaza, akaimwanga juu ya samaki.

"Bwana yako alikaa Chienge siku ine akitafuta samaki," Mama Nkulu alihesabu kwa vidole. "Alirudia na samaki, na chumvi. Toka siku ile mulilala mbalimbali, ninajua, ukuta ni ya matofali mabichi, inasema yote. Basi ile moto uko nayo, ulitosha wapi, ulipata kwa nani? Ni mu zile siku ine."

"Mama! Miye nililala na Jeanine!"

"Mutoto akilala, anajua nani anafungua mulango?"

Ilunga alikuwa amekaa mulangoni, anafunga kamba za kiatu. Alifunga, akafungua, akafunga tena, kama mutu ambaye kiatu chake kina miguu sita.

"Ilunga, sema kitu."

"Mambo ya chumvi," alisema kwa kiatu, "mama njo anajua."

Hukumu ilitoka mbele ya chai. Jumamosi Ghislain atakuja kubeba muzigo. Muzigo wa samaki hakuna tena. Basi atabeba Colette, amurudishe kwa wazazi wake.

"Na Jeanine?" Colette aliuliza.

"Jeanine ni mutoto ya jamaa yetu," Mama Nkulu alisema, akimimina chai. Vikombe vilikuwa vitatu. Watu walikuwa wanne.

*

Felistus, jirani, alikuwa Mubemba wa hapo hapo, muuza vitumbua. Kiswahili alijifunza sokoni kwa Wakongomani, kwa hiyo alijua vizuri namba na matusi. Mengine alijaza kwa Kibemba na kwa mikono.

"Bana Jeanine," alimuambia Colette, yaani mama ya Jeanine, akigeuza vitumbua ndani ya mafuta, "nimesikia uko na mwanaume. Mwandi, unanificha! Iko na ndugu?"

Colette alicheka, na kile kicheko kikageuka katikati ya njia, kikatoka machoni. Alijifuta kwa mukono wa nguo kwa sababu viganja vyake vilikuwa vyekundu, vimepasuka, vinawaka. Miaka sita alikuwa anatia samaki chumvi, na viganja havijamufanya hivyo hata siku moja.

"Ona." Alifungua kipande cha pulastiki. Ilikuwa chumvi aliyochota katikati ya mufuko, chini, pale ambapo hewa haijafika.

Felistus aliacha vitumbua. Alishika gamba moja, akaliinua kwenye mwanga.

"Awe! Ii haiko ya mboga. Ni ya barabara."

"Ya barabara namna gani?"

"Njia mupya wanachimba karibu na Mwansabombwe. Mwezi ule nilienda kuuzisha vitumbua kule. Banamwanga ii kitu chini, vumbi inalala. Inavuta maji ya hewa, udongo unabakia mubichi kama ulimi. Na bale bavijana ba kazi, uwongo siwezi, walitia mu kikombe wakanionyesha. Maji ilipata homa."

Walitia na wao. Kikombe cha bati, maji ya mutungi, ngumi mbili za magamba. Colette alizungusha kijiko, na kikombe kikaanza kumuchoma vidole mpaka akakiweka chini.

Mwalimu wa kemia hangeshangaa. Yeye angesema hiyo ni kloraidi ya kalsiamu, ndugu ya chumvi ya jikoni: baba mumoja, klorini, lakini mama mbalimbali. Yule wa jikoni ni mutoto mutulivu, ukimutia ndani ya maji anayeyuka bila kelele. Huyu mwingine ana hasira. Maji yakimugusa anawaka, na hata ukimuacha peke yake katika sahani, anayaita maji kutoka hewani mpaka anazama ndani yake mwenyewe. Lakini mwalimu wa kemia hakuwa kwenye jiko la Felistus. Kulikuwa wanawake wawili na kikombe, na kikombe kilitosha.

"Nimepona," Colette alisema. "Felistus, nimepona! Ni mufuko, haiko miye."

Kisha aliweka kijiko chini.

"Umesema Mwansabombwe?"

Felistus alirudia kwa vitumbua vyake haraka sana, ingawa havikuwa vimeiva.

"Ilunga alikuwa Chienge," Colette alisema polepole.

Chienge iko kaskazini. Mwansabombwe iko kusini. Hata kuku wa Nchelenge anajua.

*

Alimungoja Ilunga nyuma ya choo, kwa sababu ndiyo mahali pekee ndani ya uzio wa lile lupango ambapo masikio ya Mama Nkulu yalikuwa hayafiki.

"Unajua kwenye ile mufuko ilitoka."

"Nilikuambia. Ku duka."

"Ilunga. Ni chumvi ya barabara. Sikuulize ulilala kule kwa nani. Unasikia? Sikuulize. Uambie mama tu kwenye ulinunua, basi."

Ilunga aliangalia ziwa, aliangalia choo, aliangalia kila kitu chenye hakina macho.

"Mama akipanda, anashuka," alisema. "Weye wende pole pole, usilete kelele. Miezi tatu tu. Ziwa ikifunguka, nitakuja kukutosha kule, nikurudishe."

"Na mutoto?"

"Mutoto atakula wapi kwenu? Hapa iko na bibi yake."

Alisema kwa sauti nzuri, ya mutu anayetoa musaada. Colette alimuangalia, akaona kwamba amekwisha kupiga hesabu: muke miezi mitatu ng'ambo ya ziwa ni bei ndogo kuliko neno moja, Mwansabombwe. Ilunga siku zote alipenda vitu vya nusu bei.

*

Ijumaa saa tisa walikusanyika kwenye barza: Mama Nkulu juu ya kiti, Ilunga juu ya ngazi, Felistus akisimama. Ba Elliot, muzee wa kanisa, aliitwa ili mambo yawe na Mungu ndani. Ghislain wa bwato naye alikuja, eti kuuliza saa ya kesho, lakini alijiletea kigoda.

Colette alitia maji katika kikombe cha bati, akaonyesha kila mutu kwamba ni baridi. Akatia magamba. Akazungusha.

"Mama, gusa."

Mama Nkulu aligusa, akavuta kidole haraka. Colette alingoja uso wa Mama Nkulu ubadilike. Ulibadilika kweli: ulifunguka kwa furaha.

"Ba Elliot! Gusa na weye. Moto! Bila kuni, bila mukaa. Nilisema iko moto, batu banasema Mama Nkulu muzee, Mama Nkulu anaropoka. Sasa chumvi yenyewe inashuhudia!"

Ghislain alivuta kigoda chake nyuma. Ba Elliot aligusa, akafuta kidole kwenye suruali, akakifuta tena.

"Mukwai," alisema, "mu Bibilia nimesoma maji kuwa divai. Maji kuchemuka peke yake, hapana, sijasoma."

"Ni moto ya mufuko, haiko moto yangu!" Colette alisema, na sauti yake ikapanda pale ambapo hakuitaka. "Hata Felistus akiitia, inawaka! Ni ya barabara! Ilunga, baambie kwenye ulinunua!"

"Kashikishi," Ilunga alisema. "Ku duka."

"Duka gani?" Felistus aliuliza.

"Ile ya rangi ya bulu."

"Ziko tatu."

"Ya katikati."

Felistus alifungua kinywa, lakini Mama Nkulu aliinua mukono. Jirani ni jirani, alisema, na vitumbua ni vitumbua. Mambo ya mwana yake yasiingiliwe na mutu wa mafuta. Colette aliona namna kila kitu alichoshika kwa kujitetea kiligeuka kamba. Akionyesha chumvi inalia, ni yeye. Akionyesha inawaka, ni yeye tena. Angeonyesha inaimba, wangeuliza ni mwanaume gani aliifundisha.

Basi akaacha kuvuta kamba. Akaipa urefu.

"Sawa. Mama uko na haki," alisema, na hata Ilunga aliinua kichwa. "Chumvi mu mikono ya mwanamuke moto, inalia. Na mu mikono ya mwanamuke baridi?"

"Inabakia mukavu. Mama yangu aliichunga mwaka muzima."

"Mama uko baridi?"

Kigoda cha Ghislain kililia. Ba Elliot alikohoa.

"Miye?" Mama Nkulu alisimama. "Miaka kumi na mbili toka papa ya Ilunga alikufa! Niko baridi kuliko chura ya kisima!"

"Kila mutu anajua, mama. Njo maana ninaomba. Chota mwenyewe mu mufuko, na mukono yako, utie mu sahani, ulale nayo mu chumba yako. Asubuhi ikiwa mukavu, nitapanda bwato bila neno. Mutoto nitamuacha, na hakuna mutu atanisikia kulia."

Mama Nkulu angekataa namna gani? Kukataa ni kukubali. Aliangalia Ba Elliot, na Ba Elliot, ambaye alipenda sana jambo lililo wazi, alisema, "Mama, ni hesabu rahisi."

*

Jumamosi saa kumi na mbili, mashini ya Ghislain ilikuwa inapiga kelele pwani. Kwenye mulango kulikuwa mufuko wa nguo za Colette; Mama Nkulu alikuwa amemufungia mwenyewe, vizuri, hata shanuo alikumbuka.

Mama Nkulu alitoka na sahani iliyofunikwa kitambaa. Aliiweka juu ya kiti mbele ya Ba Elliot, akafunua.

Ilikuwa mukavu. Nyeupe, mukavu, nzuri kama jino.

"Aa," Ba Elliot alisema kwa huzuni. Ilunga alipumua. Jeanine alikuwa ameshika nguo ya mama yake, na Colette alisikia vile vidole vidogo kama vile vinashika mufupa. Aliinama juu ya sahani, akaona kitu cha ajabu. Magamba hayakuwapo. Ndani ya sahani kulikuwa mabuwe madogo, ya pembe nne, ya chumvi wanayotia katika maharagi.

Aliinua macho. Mama Nkulu alikuwa anamuangalia. Walijua wote wawili, na kila mumoja alijua kwamba mwenzake anajua.

"Ninaomba maji," Colette alisema.

"Maji ya nini? Sahani imesema!"

"Jana tulitia mu maji, mama," Ba Elliot alisema. "Na leo tutie. Hesabu ni hesabu."

Felistus alikuwa amekwisha kuleta kikombe. Ba Elliot alimimina chumvi, akazungusha, akatia kidole akiwa tayari kukitoa mbio. Hakukitoa. Alikiacha mule muda murefu.

"Baridi," alisema. "Baridi kabisa."

Ghislain, aliyekuja kuita abiria wake, alitia kidole na yeye. Wakaangaliana. Polepole, mumoja kwa mumoja, macho yote yakaenda kwa Mama Nkulu. Yeye alificha mikono chini ya kitenge, lakini Colette alikuwa ameiona: vidole vyekundu, vimepasuka, kama vyake. Pindo la kitenge lilikuwa limelowana na maji mazito yenye kuangaza. Muzee alikuwa amepangusa sakafu gizani, peke yake, kwa magoti, akiogopa masharti ya mama yake mwenyewe.

Neno moja lilitosha. Colette angelisema, na kesho Kanisa lote lingelibeba mpaka Kafutuma: Mama Nkulu, na uzee wake, moto! Lilikuwa tamu juu ya ulimi. Lakini aliangalia mulangoni, akamuona Ilunga ameinama tena juu ya kamba za kiatu. Wanawake wawili wangechomeka, na yeye angeendelea kufunga kiatu.

"Mama alikosea sahani," Colette alisema. "Mu giza, ya jikoni na ile ingine zinafanana."

Mama Nkulu alirudisha kitambaa juu ya sahani.

"Ee," alisema. "Mu giza."

"Na ile ingine, mama? Iko namna gani?"

Mashini ililia pwani. Hakuna aliyejongea.

"Ililia," Mama Nkulu alisema, kwa sauti ambayo Ilunga hakuwahi kuisikia. "Ililia mu mikono yangu. Na miye niko baridi. Lesa Mungu anajua niko baridi." Kisha aligeuka kwa mwana yake. "Duka ya katikati, ulisema?"

"Mama..."

"Acha kile kiatu!"

Ilunga alikiacha. "Ni shofere moja ya kamio ya mizigo. Aliniuzishia nusu bei, nikamwanga mu mufuko ya unga. Ku barabara."

"Barabara gani?"

Alijaribu kuimeza, lakini ilikuwa imekwisha kufika kwenye meno. "Ya Mwansabombwe."

Ba Elliot aliangalia kofia yake. Ghislain tu ndiye alishindwa kufunga kinywa.

"Na Chienge," aliuliza, "imehama?"

*

Bwato iliondoka bila samaki na bila mwanamuke. Colette aliiangalia mpaka ikawa kama mbegu, akashangaa kwamba sehemu moja ya roho yake ilikuwa imeketi ndani. Ilunga alichimba shimo, akazika makobo. Hakuna aliyeomba musamaha. Mama Nkulu alibeba tu ule mufuko wa nguo kutoka mulangoni, akaurudisha ndani, akatoa shanuo, akaliweka pahali pake. Jioni vikombe vya chai vilikuwa vinne. Sukari haikuwapo, wala pesa ya sukari, na ziwa lilikuwa linafungwa.

Nusu ya chumvi ya barabara ilibakia. Felistus alisema isitupwe. Colette akaimwanga kwenye udongo wa barza, chini ya paa pale ambapo mvua haifiki, mahali pekee pa kupita ukitoka ndani. Vumbi lililala. Udongo ukawa mubichi, laini, mweusi. Kila asubuhi ulikuwa na habari ya aliyetoka na aliyerudia: miguu midogo ya Jeanine, miguu mipana ya Mama Nkulu, kuku. Kila alama ilikaa wazi kama imechapwa katika gazeti, na fagio haikuweza kuifuta.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Kisha kula mihogo, Ilunga alivaa shati la mistari, akajimwangia manukato, akasema anakwenda kuangalia kama kuna kazi ya kubeba mizigo. Alifika mulangoni, akasimama. Aliangalia udongo. Aliangalia upana wake: hata mutu wa miguu mirefu hangeuruka.

"Colette. Utoshe hii kitu hapa. Inashika viatu."

Colette alikuwa anamenya mihogo ya jioni. Hakuinua kichwa, na hakujibu, kwa sababu aliyejibu alikuwa amekaa kwenye kona, juu ya kiti chake, anapaka mafuta vidole vilivyopasuka.

"Kama uko baridi," Mama Nkulu alisema, "pita."

Ilunga alibakia pale, mukono mumoja juu ya mulango, kiatu kimoja hewani.